Kidole cha Bi Thuwaiba

Mwiba wa mtende ulimchoma Jumanne,
alipoinama uani kuokota kuti kavu
la kuwashia moto wa kahawa
ya wageni ambao hawakuwepo.
Hakulia. Alisahau kabla hajainuka.
Tone la damu likakaukia pindo la kanga.

Lakini chini ya ngozi wapo waliosikia.
Hawalali wale, wala hawapigi miayo.
Walaji taka wa doria
wakakuta bakteria wamepanda mgongoni mwa mwiba
kama abiria wasio na tiketi.
Wakameza walioweza kumeza.
Waliobaki wakazaana,
basi mbiu ikapigwa, kwa harufu, si kwa sauti,
mishipa ikalegeza vifungo vyake,
na chembe nyeupe zikatoka mkondoni
ubavuubavu, moja moja,
kama mtu mnene kwenye mlango wa kichochoro.

Ijumaa ndipo nilipoona.
Kidole gumba kimevimba, chekundu, cha moto.
Bi Ghalya wa nyumba ya pili akasema,
"Sumu hiyo. Ikamue."
Nikamwambia, sumu siyo, hiyo ni kazi.
Joto hilo ni tanuri lililowashwa na wenyeji.
Na usaha, niwie radhi Bi Ghalya,
ni maiti za walinzi:
huishi siku moja, mbili, hufia zamuni,
na hakuna anayewakalia matanga.

Mimi kazi yangu maabara, hospitali ya Ibra.
Damu yake niliipaka kiooni, nikaitia rangi,
nikahesabu kwa kitufe, tiki, tiki, hadi mia.
Themanini na moja ni wale wa mstari wa mbele,
kiini chao mafundo mafundo
kama kipande cha tasbihi iliyokatika.
Wengine wachanga bado,
uboho umewatoa kabla ya siku zao:
ndevu hazijaota, na wameshaitwa.
Vidonge nilimpa, sikatai.
Lakini vidonge vilikuta watu kazini.

Jioni, kiyoyozi kikinguruma,
nilikuwa namfunga bendeji.
"Wewe mtoto wa nani?"
Wako, mama.
"Wangu?" Akacheka kwa adabu,
cheko la kumstahi mgeni.
Kisha akaniita Zamzam,
dada yake aliyezikwa Unguja kabla sijazaliwa.

Nyuma ya mfupa wa kifua chake
palikuwa na chuo, alipokuwa mdogo.
Chembe ziliingia kusoma somo moja tu:
huyu wetu, huyu si wetu.
Iliyomgeukia wa nyumbani haikutoka hai.
Chuo kile kimefungwa, limebaki shahamu,
ila wanafunzi wake wangali wanazunguka mwilini,
wanapita ini, wanapita pafu, wanapita moyo,
wanatoa salamu na kuendelea.
Hakuna anayeuliza, wewe mtoto wa nani.

Na begani ana kovu, duara, limedidimia
kama alama ya kizibo kwenye unga.
Ndui. Alichanjwa Mkunazini, ana miaka saba.
Ndui yenyewe imekwisha duniani,
hata ukiitafuta njiani huikuti,
na bado zimo chembe ndani yake, zimekunja miguu,
zinaikumbuka sura yake kitu kwa kitu,
zinamngoja adui aliyekufa.
Mkunazini ameisahau.
Meli iliyotuleta ameisahau.
Mimi, siku nyingine ananijua hadi adhuhuri.

Siku ya nane uvimbe ukashuka.
Ncha ya mwiba ikajitokeza yenyewe,
nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya iliki.
Nikaivuta kwa kibano, nikamwonyesha.
"Imetoka wapi hii?"
Uani, mama.
Akaiangalia sana.
Kisha akakamata kidole changu mimi,
akakigeuza huku na huku,
akakipuliza.